Onyesho zima la tungo zisizojulikana: okestra ya kujitolea ichague zipi, na hadhira itakuja?

Mpigaviola (Nairobi) anauliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa klasiki, naomba ushauri wenu.

Mimi hupiga viola katika okestra ya kujitolea hapa Nairobi. Wenzangu ni walimu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo na wastaafu wachache. Hakuna anayelipwa, na mazoezi yetu ni jioni moja kwa wiki. Maonyesho yetu yamekuwa yakizunguka majina yale yale ya Mozart, Beethoven, Dvořák na Tchaikovsky. Sina ugomvi na majina hayo, na siku tutakapopiga tena Simfonia ya Nane ya Dvořák nitakuwa wa kwanza kufika mazoezini. Hata hivyo, mwongozaji wetu amependekeza kwamba onyesho lijalo liwe la tungo ambazo hadhira yetu haijapata kuzisikia, na kamati imegawanyika pande mbili. Mweka hazina anahofia viti vitupu, kwa kuwa kodi ya ukumbi hutoka kwenye tiketi. Wengine, nami nikiwamo, tunaona kwamba okestra isiyolipwa ndiyo iliyo huru zaidi kujaribu, maana mchezaji wa kujitolea asipopata jambo jipya la kujifunza huanza kukosa mazoezi, na mwisho hurudi nyumbani moja kwa moja.

Ili ushauri wenu usiwe wa kubahatisha, hali yetu ni hii. Fidla zinatosha, chelo ni nzuri, na wapiga viola ni wachache lakini hatujakata tamaa. Filimbi na klarineti tunazo za kutosha kuazima wengine. Wapiga tarumbeta na tromboni wengi ni vijana waliolelewa katika bendi za Jeshi la Wokovu. Wana pumzi, na wanasoma nota kuliko baadhi yetu wa nyuzi. Honi za Kifaransa ni mbili. Mpiga obo ni mmoja, mpiga basuni hupatikana kwa kuombwa, na kinubi hatuna kabisa.

Naomba kujua ni tungo zipi zinazofaa kwa kikosi kama hiki, kama ni lazima tuingize angalau jina moja kubwa la kuwavuta watu, na nota zake hupatikana vipi bila kuvunja sheria wala kumaliza akiba yetu.

Honi ya Kale (Dar es Salaam) anajibu:

Ndugu Mpigaviola, salaam. Ningependa kamati yenu isianze na orodha ya watunzi bali na orodha ya wachezaji, ambayo kwa bahati nzuri umekwisha kuiandika. Okestra nyingi za kujitolea huchagua utungo kwa kusikiliza rekodi nzuri ya okestra ya Berlin au London, kisha hugundua wiki ya tatu ya mazoezi kwamba ule wimbo mtamu wote umewekwa kwenye basuni.

Kwa kikosi chenu, mtunzi wa kufungulia ni Joseph Bologne, aliyejulikana zaidi kama Chevalier de Saint-Georges. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake akiwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika na baba yake Mfaransa mwenye mashamba, akalelewa Ufaransa na kusifika kwa upanga kabla ya kusifika kwa fidla. Aliongoza okestra ya Concert des Amateurs mjini Paris, na baadaye ile ya Loge Olympique ambayo Haydn aliiandikia zile simfonia sita zinazoitwa za Paris. Simfonia yake ya pili katika opasi (namba ya chapisho la mtunzi) ya 11, iliyo katika D meja, ina sehemu tatu fupi na inadai obo mbili, honi mbili na nyuzi tu. Obo ya pili mwandikieni upya mpiga klarineti mmoja. Katika muziki wa wakati ule, ambapo obo ya pili mara nyingi hujaza sauti tu, hakuna atakayelalamika isipokuwa mwanahistoria.

Utungo mkubwa wa jioni, kwa maoni yangu, uwe Simfonia ya Tatu ya Louise Farrenc, katika G maina, aliyoiandika mwaka 1847. Farrenc alikuwa profesa wa piano katika Konservatori ya Paris tangu mwaka 1842, na kwa miaka kadhaa alilipwa pungufu kuliko wanaume waliofanya kazi ile ile, mpaka mafanikio ya noneti yake, yaani utungo wa ala tisa, mwaka 1850 yalipompa nguvu ya kudai malipo sawa, akayapata. Simfonia hii inatumia filimbi mbili, obo mbili, klarineti mbili, basuni mbili, honi mbili, timpani na nyuzi. Inaanza na obo ikiwa peke yake, kwa hiyo yule mpiga obo wenu mmoja mtunzeni na mumpe nota mapema. Basuni ndiyo kikwazo: moja ombeni, na ya pili igawiwe chelo na klarineti ya besi pale isipowezekana kuachwa. Sehemu ya tatu ina mwendo wa haraka wa kunong'ona ambao utazifurahisha klarineti zenu zilizojaa.

Sasa niseme jambo ambalo kamati nyingi hazilifikirii. Utungo unaojulikana humsaidia mchezaji dhaifu kwa njia asiyoiona. Katika Simfonia ya Tano ya Beethoven, mtu aliyepotea kwenye mapumziko ya hatua thelathini hurudishwa na sikio lake, kwa sababu amekuwa akiusikia muziki ule tangu utotoni na anajua kinachofuata. Katika Farrenc hana kumbukumbu hiyo. Atalazimika kuhesabu kwa kweli, na mara ya kwanza mtashangaa kuona ni wangapi kati yenu ambao kwa miaka mingi hawakuwa wanahesabu. Kwa hiyo nota ziwafikie wachezaji mapema kuliko kawaida, kila mmoja aandikiwe kwa penseli wimbo wa ala nyingine unaotangulia kuingia kwake, na rekodi isikilizwe nyumbani huku nota zikifuatwa kwa macho. Kusikiliza rekodi ukiwa ndani ya daladala hakutoshi. Ndiyo sababu pia sikushauri Franz Berwald wa Uswidi, ingawa nampenda mno. Simfonia yake iitwayo *Singulière*, ya mwaka 1845, haikupigwa hadharani hadi mwaka 1905, miaka mingi baada ya kufa kwake, nayo imejaa midundo inayoangukia mahali usipopategemea. Okestra yenye jioni moja kwa wiki itaumia.

Vijana wa shaba msiwaache wakae bure, maana Farrenc hakuwaandikia tarumbeta wala tromboni. Wapeni kanzona mbili, yaani vipande vifupi vya ala, za Giovanni Gabrieli, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la San Marco mjini Venezia na kufariki mwaka 1612. Muziki wake ni wa makundi yanayojibizana kutoka roshani tofauti. Kama ukumbi wenu una roshani, wapandisheni huko.

Fidla (Unguja) anajibu:

Assalaam alaykum. Mzee wetu wa Dar amesema ya jukwaani. Mimi nitasema ya upande wa viti, kwa sababu hofu ya mweka hazina ni ya haki na haitaondolewa na uzuri wa Farrenc peke yake.

Huku kwetu, taarab asilia tangu zamani hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu chenye asili ya Kituruki kilichotufikia kupitia Misri. Hakina maneno, wengi wa waliokaa ukumbini hawawezi kukitaja jina, na hakuna anayesimama kukieleza. Hata hivyo watu hukisikiliza bila kuchoka, kwa kuwa wanajua mahali pake katika mpangilio wa usiku: ala zitajieleza kwanza, kisha mwimbaji ataingia. Kwa hiyo sikubali kwamba hadhira yetu haiwezi muziki isioujua. Kinachoichosha ni kutojua iko wapi, yaani kipande kitaisha lini, kina sehemu ngapi, na je, hapa pa kimya ni pa kupiga makofi au la. Andikeni katika karatasi ya programu muda wa kila utungo na idadi ya sehemu zake, na mwongozaji aseme maneno machache, akipenda aombe fidla za kwanza zipige wimbo mkuu mara moja kabla ya kuanza. Hotuba ya robo saa kuhusu maisha ya mtunzi iachwe. Na wakipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza, msiwanyamazishe. Hadhira ya Paris katika zama za Farrenc ilifanya hivyo hivyo bila kuona haya.

Kuhusu jina kubwa la kuwavuta watu, mimi nasema msiliweke. Mkiweka Beethoven mwishoni, mtakuwa mmekiri wenyewe kwamba yaliyotangulia ni ya kuvumiliwa. Simfonia hiyo ya Farrenc, ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1849, iliwekwa katika onyesho moja na Simfonia ya Tano ya Beethoven, na mnaweza kukisia watu walirudi nyumbani wakiimba ipi.

Anayejaza ukumbi wa okestra ya kujitolea ni kwaya. Kila mwanakwaya ana mama, shangazi na majirani. Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875 kwa mama Mwingereza na baba daktari kutoka Sierra Leone, alitunga *Hiawatha's Wedding Feast* mwaka 1898 kwa kwaya, okestra na mwimbaji mmoja wa tena, ile sauti ya juu ya kiume, juu ya ushairi wa Mmarekani Longfellow. Ni kama nusu saa hivi. Kati ya miaka ya 1924 na 1939 tungo zake za Hiawatha zilichezwa karibu kila mwaka katika ukumbi wa Royal Albert Hall kwa mavazi na mamia ya waimbaji, kisha zikafifia. Kwaya za kwetu Afrika Mashariki zinazosoma solfa zinaweza kazi hii, maana sehemu kubwa yake ni sauti zinazotembea pamoja, na nyimbo zake zinashikika upesi. Kwa nini tungo iliyowahi kuimbwa na kila mji wa Uingereza isiimbwe Nairobi, penye kwaya nyingi kuliko okestra?

Msomaji wa Nota (London) anajibu:

Nimeona aliyetangulia amemtaja Coleridge-Taylor, nami niongeze habari inayohusu swali la nota na fedha. Aliiuza *Hiawatha's Wedding Feast* kwa mchapishaji wake kwa malipo ya mara moja ya gini 15 (fedha ya Uingereza ya zamani), kisha nakala zake zikauzwa kwa mamia ya maelfu bila yeye kupata senti zaidi. Alifariki kwa nimonia mwaka 1912 akiwa na miaka 37, na manung'uniko yaliyofuata kuhusu hali ya familia yake ni miongoni mwa mambo yaliyochochea kuundwa kwa chama cha haki za watunzi cha Uingereza mwaka 1914. Ukiombwa ada ya kupiga utungo wa mtu, ni vyema kukumbuka ada hiyo ilianzia wapi.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya muziki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Saint-Georges, Farrenc na Coleridge-Taylor wote wamepita muda huo, na nota za zamani za watunzi wa namna hii mara nyingi hupatikana katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006. Lakini angalieni jambo moja: simfonia tatu za Farrenc hazikuchapishwa alipokuwa hai, ijapokuwa mumewe alikuwa mchapishaji wa nota. Mtunzi yu huru, ila toleo mnalolishika linaweza kuwa la mhariri wa siku hizi mwenye haki zake. Ulizeni kabla ya kutoa nakala.

Florence Price nampendekeza kwa moyo wote, lakini si kwa mwaka huu. Simfonia yake ya Kwanza, katika E maina, ilipigwa na okestra ya Chicago mwezi Juni mwaka 1933, ikiwa simfonia ya kwanza ya mwanamke Mmarekani Mweusi kupigwa na okestra kubwa. Mahali ambapo wengine wangeweka skertso, sehemu ya mwendo wa haraka na uchangamfu, yeye aliweka juba, ngoma ya watumwa wa mashambani iliyochezwa kwa kupiga makofi na mapaja. Sanduku la maandishi yake lilipatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyoachwa huko Illinois, na tangu mwaka 2018 kazi zake ziko mikononi mwa wachapishaji wa G. Schirmer, ambao hukodisha nota. Kukodi, kusafirisha na kurudisha karatasi kwa wakati ni gharama itakayomkosesha mweka hazina wenu usingizi, na shaba anayoihitaji Price ni kubwa kuliko honi zenu mbili.

Badala yake mtazameni Fela Sowande wa Nigeria, aliyeishi kuanzia mwaka 1905 hadi 1987. Suti yake ya Kiafrika ya mwaka 1944 ni ya nyuzi na kinubi, ina sehemu tano, na baadhi ya nyimbo zake zinatoka kwa Ephraim Amu wa Ghana. Sehemu ya mwisho, *Akinla*, ilikuwa kwa miaka mingi muziki wa kufungulia kipindi kimoja cha redio ya CBC nchini Kanada, ingawa wengi walioipenda hawakujua ni ya Mnigeria. Huyu bado ana hakimiliki, kwa hiyo ruhusa ni lazima.

Neno la mwisho kutoka kwangu ni kuhusu bango. Nimeona maonyesho ya namna hii yakitangazwa kama ya watunzi waliosahauliwa, au yakifanywa kapu la wanawake na Weusi ambamo tungo hazina uhusiano wowote isipokuwa kupuuzwa. Hakuna anayetoka nyumbani Jumamosi jioni kwenda kusikiliza kilichosahauliwa. Tangazeni kinachosikika: simfonia ya Paris, nyuzi za Nigeria, tarumbeta za Venezia.

Chelo ya Kivu (Bukavu) anajibu:

Naomba nipingane kidogo na ndugu wa Unguja kuhusu majina makubwa. Okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, ilianza na wachezaji waliokuwa wakipokezana fidla chache, na waya wa breki ya baiskeli ulipata kufungwa mahali pa uzi uliokatika. Hao hawakuanza na Berwald. Walipiga Handel, wakapiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven na *Carmina Burana* ya Orff, na watu wakaja kwa sababu kwaya ilikuwa kubwa na muziki ulikuwa na kishindo. Wala msisahau kwamba kwa msikilizaji anayeingia ukumbini mara ya kwanza, Beethoven na Farrenc ni wageni sawasawa. Tofauti kati ya kinachojulikana na kisichojulikana tunaiona sisi wachezaji na wale mashabiki wa viti vya mbele. Kwa hiyo mweka hazina aulizwe: hao anaohofia kuwakosa ni akina nani hasa? Kama ni watu wale wale wa kila mwaka, watakuja kwa ajili yenu. Kama ni wapya, jina la Beethoven halitawaleta. Wataletwa na rafiki aliyeko jukwaani.

Mpigaviola (Nairobi) anarudi:

Nawashukuru nyote, na hasa Chelo ya Kivu, kwa sababu swali lake nililipeleka kwenye kamati kama lilivyo na mweka hazina akacheka. Tulipopitia orodha ya walionunua tiketi awali, wengi walikuwa jamaa, wanafunzi na wafanyakazi wenzetu. Jina kubwa basi limeondolewa.

Tumekubaliana kuanza na kanzona mbili za Gabrieli kutoka roshani, kisha Saint-Georges, kisha Sowande akipatikana, na baada ya mapumziko Farrenc peke yake. Hiawatha imewekwa kwa msimu utakaofuata, kwa kuwa kwaya tuliyozungumza nayo inataka muda wa kutosha wa kujifunza, na okestra inayodaiwa ni kubwa kuliko yetu ya sasa. Mpiga obo amekwisha kuchukua nota zake, akasema ule mwanzo wa peke yake unamnyima raha, nami naona hiyo ni dalili njema.

Limebaki jambo moja. Kinubi hatuna, na kukodi kinubi pamoja na mpigaji ni gharama isiyowezekana. Je, piano inaweza kushika nafasi yake katika Sowande, au ni kumkosea heshima mtunzi?

Honi ya Kale (Dar es Salaam) anajibu:

Piano inaweza, na okestra ndogo hufanya hivyo mara kwa mara, kwa masharti mawili. Mpiga piano asitumie kanyagio kupita kiasi, kwa sababu sauti ya kinubi hufa upesi na ya piano iliyokanyagwa huendelea mpaka inazifunika viola, ambazo umesema zenyewe ni chache. Pili, piano ikae nyuma ya fidla za pili, kifuniko kikiwa kimefungwa au kimeinuliwa kidogo tu, maana kikifunguliwa wazi hadhira itadhani ni konchato, yaani utungo ambamo piano ndiyo mwimbaji mkuu. Pale ambapo kinubi kimeandikiwa kuteleza juu ya nyuzi zote, msijaribu kuiga kwa kuburuta kidole kwenye funguo nyeupe. Afadhali apige akodi iliyovunjwa polepole.

Kwa kuwa utungo una mwenyewe, badiliko hilo litajwe katika barua ile ile ya kuomba ruhusa. Iandikeni kabla ya kuchapisha mabango, mkieleza tarehe ya onyesho, idadi ya viti vya ukumbi na bei ya tiketi, kwa sababu kwa kawaida ada hukadiriwa kwa mambo hayo. Semeni pia kwamba wachezaji hawalipwi. Jibu likichelewa, wekeni akiba zile Noveleti za Coleridge-Taylor za opasi ya 52, ambazo ni za nyuzi pamoja na tari na pembetatu; hazidai ruhusa ya mtu, na vijana wawili wa shaba watapata ala za kushika.